Kamera ya Ndani Itazame Wapi

Na hii ya ndani, itazame wapi? Ndivyo alivyouliza Amedeus mwenye duka, kamera imemkaa kiganjani kama yai la kanga, na hakuna aliyemjibu, maana simu ya kaka iliita papo hapo, kaka Abubakary akainua kile kidole chake cha nisubirini, akatoka hadi kizingitini, nusu juani nusu kivulini, halo, eeh, niko Nachingwea, siko Ruangwa, si niliomba ruhusa ya leo, gari lipi hilo limegoma... na swali likabaki limekaa juu ya kaunta ya kioo, katikati ya chaja na redio na betri za sola, likinitazama mimi, na mimi nikajifanya nasoma maandishi ya kwenye boksi, mimi Shakila binti Lukumani, msemaji wa kwanza wa upande wa kupinga, ambaye kwenye midahalo ya chuoni Dodoma wakinipa dakika saba naomba ya nane, leo naulizwa swali jepesi na muuza kamera, ulimi umelala... ni uchovu, nadhani ni uchovu tu, basi la juzi bado linanitikisa magotini, na juu ya basi kuna mitihani, na chini ya mitihani kuna msiba wa baba, na msiba si mtihani, hakuna anayepita kukusanya karatasi akakwambia weka kalamu chini, na kidole cha mguu kinaniuma ndani ya kiatu, kidole gumba cha kulia, kinapwita, tangu alfajiri kinapwita, nilijigonga wapi vile... na mbele yangu ukutani kuna runinga imegawanywa vyumba vinne, chumba cha barabara ya nje, cha stoo, cha mlango, na cha nne ni kaunta hii hii ionekanavyo kutoka juu, na humo kuna msichana mwenye ushungi wa kahawia kakaa kwenye kiti cha plastiki, mabega yamemshuka kama mtu aliyenyeshewa, nikamwonea huruma kabla sijamtambua, kumbe ni mimi, nikainua mkono niuweke ushungi sawa huku namtazama yeye, mkono ukaenda upande usio wake, nikaukosa ushungi wangu mwenyewe kichwani kwangu mwenyewe, Amedeus akacheka, "Wote wanafanya hivyo dada'angu, kuna mwalimu mmoja alikuja hapa akajinyooshea kidole mwenyewe, we nani unanitazama," nikacheka kwa adabu, na yule wa kwenye runinga naye akacheka, kisogo kikamtikisika, na tangu hapo nimekaa wima, sipigi miayo, pua inaniwasha na siigusi, kana kwamba kuna mkwe wangu juu ya dari.

Tumeshazipitia zana zote za kuzuia wezi, tangu Amedeus anafungua duka tunazipitia, makufuli na vitasa na makomeo yaliyoning'inia kwenye waya nyuma yake tuliyaruka hata bila kuyatazama, kaka alisema hayo ni mambo ya kizamani, tukaanza na king'ora, Amedeus akakibonyeza kidogo tu na mama ntilie wa ng'ambo ya barabara akaangusha mwiko, akamtukana kutoka huko huko, "We Amedeus, utaniua na mimba hii!" naye akasema kwa fahari, mnaona, hiki kikilia kwenu Chiola kinasikika mpaka Kiegei, kaka akamuuliza, na nani wa Kiegei atatoka kitandani kuja Chiola, kwetu mtu akipiga yowe jirani anasubiri kwanza alipige la pili... basi king'ora kikawekwa kando, tukaja kwenye waya wa umeme, mna ukuta? hatuna ukuta, tuna michongoma, na upande wa chooni michongoma yenyewe imekufa, basi waya hapana, tukaja kwenye taa ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita, nikauliza na mbuzi akipita, akasema hata mbuzi, na paka, akasema hata paka, na popo je, "Dada, acha ubishi, popo hanunui taa," kaka akasema msamehe bosi, huyu ni mheshimiwa, chuoni wanamlisha ubishi asubuhi na jioni, na hapo ndipo ikaletwa kamera, na macho ya kaka yakawaka kuliko ile taa, kwa sababu kamera hii inawekwa laini ya simu kama simu, unaitia bando, unakaa Ruangwa kwenye gari lako la mgodini unaitazama Chiola, mchana, usiku, mvua ikinyesha, unaiona nyumba ya baba yako kwenye kiganja, na Amedeus akapanga maboksi mawili, king'ora huku, kamera huku, akasema ukiniuliza mimi, hiki kinamfukuza mwizi, hii inamwonyesha, sasa nyie mnataka kumfukuza au kumwona? "Kumwona," kaka akasema, "na tunamjua." Amedeus akakuna kidevu, "Kama mnamjua, picha yake ya nini sasa, mtaipachika sebuleni?" nikakaribia kucheka, kaka hakucheka, "Ushahidi, bwana. Bila ushahidi mtendaji wa kijiji ananiambia nina chuki na wafugaji," kisha akachora kwa kidole juu ya kioo cha kaunta, hapa nyumba, hapa njia, hapa bondeni, "Ya nje itazame hapa, kwa Ngolo," na ndipo Amedeus akainyanyua ile ndogo, ile ya mviringo, akauliza, na ya ndani, na simu ikaita.

Ngolo... Ngolo ni jirani yetu wa bondeni, Msukuma, alikuja na ng'ombe wake na mkewe Lucia kutoka huko Ziwani, miaka michache tu, akaomba kwa mwenyekiti, akaonyeshwa pori, akajenga, na tangu siku hiyo kila kinachopotea Chiola kina kwato, kuku akipotea ni Ngolo, ndoo ikipotea kisimani ni Ngolo, mvua ikichelewa watu wanageuza shingo wanatazama bondeni, na mimi nilishasimama mbele ya ukumbi mzima nikawatetea wafugaji wanaohama, ng'ombe hana uraia wa mkoa, nilisema, nikapigiwa makofi, nikanyweshwa soda, lakini juzi jioni kaka alipompigia mama simu na jina la Ngolo likatoka kwenye spika juu ya sahani ya ugali, mheshimiwa mimi nilitafuna tu, nikameza, kwa sababu nilikuwa nimechoka, na kwa sababu mashine kweli haipo, hilo halina mjadala, mashine ya baba ya kupulizia salfa kwenye mikorosho, ile ya kubeba mgongoni, mama alizoea kumtania kwamba aliiposa ile kabla ya kumposa yeye, msimu ukiisha anaiosha kama mtoto, anaipangusa, anailaza chumbani nyuma ya kitanda chao, anaifunika mkeka, asiyelala chumba kile hawezi kujua kama kuna kitu pale, na sasa msimu wa kupulizia umefika na nyuma ya kitanda pana mkeka na chini ya mkeka pana sakafu, imechukuliwa mchana, mama akiwa humo humo chumbani kwa sababu eda haijaisha na hatoki, nikamuuliza, mama, kwa hiyo hukuona? akasema, "Nilikuwa nimejilaza, nimegeukia ukutani," mama, mtu anaingia chumbani ulikolala na hugeuki? "Wanaingia wengi," akasema, na kaka kwenye simu akaruka, unasikia, wengi! ni genge! na mimi nikatania, basi ni genge lenye malezi mema, limeiba mashine na likautandika mkeka, upande wa maua juu, kama mama anavyoutandika... nikacheka peke yangu, mama hakucheka, akaniuliza kama nataka mboga zaidi.

Upande wa maua juu. Nani anaiba halafu anatandika... acha, acha kwanza, kaka bado anaongea huko mlangoni, sikiliza, "mwambie fundi aangalie belti, sio kila kitu mpaka nije mimi," maskini kaka, hata huku hawamwachi, na mgongo wake uko kwenye chumba cha tatu cha runinga, mpana, umeinama kidogo, ndio mgongo uliombeba baba, siku aliyoanguka baba chumbani, mwaka jana, alianguka nyuma ya mlango mlango ukiwa umekomelewa kwa ndani, mama anamvuta hawezi, anapiga kelele, tukasukuma, komeo limebanwa na uzito wa baba, mama kalishindwa, kaka akaupiga bega mpaka ukafunguka, akamkuta baba kalala na jicho moja wazi kama anatusikiliza, akamwinua kama anavyoinua gunia la korosho, na jioni ile ile alileta bisibisi akalifungua lile komeo, skrubu moja moja, akasema kuanzia leo mlango huu haufungwi, tuweze kuingia muda wowote, na sote tukaona ni akili, ni upendo, na ulikuwa upendo, sibishi, tukaingia muda wowote, mimi nikiwa likizo, kaka akitoka Ruangwa, shangazi Mwanawetu, dada yake baba, na mwanawe Rashidy, majirani, watu wa msikitini, mwenye dawa, mwenye uji, mwenye kuja kutazama tu, kwa sababu nyumba ya mgonjwa haina hodi, hodi ya nini wakati mgonjwa hawezi kuitikia na muuguzi mikono yake imejaa, unasukuma pazia unaingia, unakaa kitandani miguuni, unasema vipi leo... na baba akafa wakati wa mvua, wakaingia wengi zaidi, matanga yakaisha, watu wakaondoka, na hodi haikurudi. Hakuna aliyeirudisha. Hatukuketi kikao cha kusema sasa hapa si kwa mgonjwa tena, hapa ni kwa Mwamina, mama yetu, mwanamke mzima, yumo ndani, anasikia, anaweza kuitikia, tuliendelea tu, shangazi anapita mpaka chumbani na viatu vyake mkononi anafungua kabati anatafuta kanga za kaka yake... hapana, shuka za kaka yake, anasema zamani kwetu jembe la mjomba halikulala nje ya mkono wa mpwa, anasema kama utani, mama amekaa kitandani na nguo zake za eda anamtazama anavyopekua, na mimi mwenyewe jana mchana...

Jana mchana. Ndiyo, ushahidi niliutoa mimi, wala sikulazimishwa, jana mchana nilitaka kitana, nikausukuma mlango wa mama kama ninavyousukuma siku zote, ukagoma, nikausukuma kwa nguvu na kitu kizito kikaburuzika sakafuni, kinu, kinu cha kutwangia kimeegemezwa nyuma ya mlango, kikayumba, kikaanguka ubavu, mama akashtuka akavuta nguo kifuani, nywele zilikuwa wazi, sijaziona nywele za mama wazi tangu nikiwa mdogo, zimekuwa nyeupe mbele, na alikuwa anaongea, nimekumbuka sasa, kabla sijasukuma nilisikia anaongea, Kimwera, polepole, kama mtu anayesimulia mambo ya shambani, nani yuko naye, nilijiuliza, na hakukuwa na mtu, kulikuwa na upande wa baba wa kitanda, umetandikwa, na mama ameukalia karibu, na akaniuliza "Ni nani?" na mimi nishaingia nusu mwili, nikamwambia ni mimi, nikachukua kitana, nikatoka, nikakiinua kinu nikakirudisha jikoni huku nacheka, na leo asubuhi kaka alipofika na pikipiki akaniuliza pembeni, mama anaogopa? nikamjibu kwa ule uhakika wangu wa jukwaani, anaogopa sana kaka, wezi wamemtia hofu mpaka anaweka kinu nyuma ya mlango, na kaka akafumba macho, nikaona jinsi ilivyomchoma, akasema basi tumeshaamua, leo hii hii tunakwenda Nachingwea, vaa.

"Dada, unakunywa maji?" Amedeus, ananionyesha chupa, nakataa kwa kichwa, ahsante kaka, anasema basi wacha nikuonyeshe utamu wake wakati bosi anamaliza, hii ya ndani, sikia, hii ya ndani ina masikio, inasikia na inasema, mtu akiingia unabonyeza hapa kwenye simu unamwambia nakuona weye! mwizi mwenyewe anaweza kufa kwa presha, ha ha, nimeshamwonyesha bosi, bosi amefurahi mno... amefurahi, ndiyo, nilimsikia, "Hata mama nitakuwa namwambia, mama, hujameza dawa," alisema, na alisema kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, maana hajalala vizuri tangu mvua, ana mke na mtoto Ruangwa na akili yake iko Chiola, anapiga simu mama hapokei, anapiga kwangu Dodoma, nampigia jirani, mama alikuwa anaswali tu... nitakuwa namwona, alisema, nikiona amekaa kitako najua mzima, na mimi nilitingisha kichwa, naam, hoja ina mashiko, na sasa ninaiona hiyo sauti inavyotoka ukutani, mama yuko na nywele zake, anamweleza mumewe kwa Kimwera kwamba mikorosho ya juu imeanza kutoa maua na mashine hakuna, na ukuta unasema kwa sauti ya mwanawe, mama, hujameza dawa... ataacha. Ataacha kuongea naye, hatagombana na mtu, hataomba itolewe, ataacha tu, atafunga ushungi wake atakaa wima kama mimi nilivyokaa wima hapa, pua itamwasha hataigusa, na kaka atamtazama kwenye kiganja atasema alhamdulillahi, mama katulia.

Kidole kinapwita. Nilijigonga kwenye kinu, ndiyo, alfajiri, nilipoamka kuswali nikapita jikoni kutafuta maji ya kutawadha, giza bado, kinu kilikuwa pale pale nilipokiweka jana, katikati ya njia, nikakipiga teke nikauma meno nisilie... kinu kilikuwa jikoni. Subiri, Shakila. Taratibu. Kinu kilikuwa jikoni, na mlango wa mama ulikuwa umerudishwa tu, upenyo wazi, nilipita nikamsikia anapumua, mtu anayewaogopa wezi kiasi hicho, usiku kucha amelala mlango wazi, na kinu chake cha ulinzi kiko jikoni, na mchana, mchana kweupe, ndipo anakiburuza, mwanamke wa umri ule, mwenye presha ile, anakikumbatia kinu kizima anakiburuza mpaka nyuma ya mlango wa chumbani, sio wa mbele, wa chumbani... mchana wanakuja akina nani? Mchana hawaji wezi. Mchana tunakuja sisi.

Na njano. Tulipita shamba la shangazi asubuhi, nimeshika koti la kaka kwa nyuma, vumbi jekundu, na mikorosho ya shangazi ilikuwa ya njano, njano ya salfa mbichi, majani yamepakwa unga kama sura za wari, harufu ikatuingia puani, kaka akapaza sauti juu ya pikipiki, naona shangazi kapata mashine ya kukodi mwaka huu! na mimi nikapaza, eeh! na upepo ukapita na hilo likaisha, shangazi ambaye kila msimu alikuwa anasubiri ya baba, ambaye Rashidy wake alikuwa analala kwetu ili awahi kuichukua... aliyejua ilipolala. Aliyejua mkeka unatandikwaje. Wamepita mbele ya kitanda, mama amelala, wameinua, wametandika, pengine hata walimsalimia mgongo, na mama akageukia ukutani kwa sababu angesema nini, kwamba wifi yangu ni mwizi? halafu kaka aende na Rashidy washikane mashati kabla udongo wa kaburi haujakauka? akanyamaza, na sisi tukauchukua ukimya wake tukampelekea mtendaji, tukauandikia jina la Ngolo... Ngolo ambaye ng'ombe wake walipoingia kwenye mbaazi za baba alikuja mwenyewe kusema kabla hatujaona, kofia mkononi. Na Lucia. Jana asubuhi, nilikuwa napepeta mchele, nikasikia mtu anaita kutoka kule kwenye jalala, mbali, "Hodi hapa! Mayu, hodi!" amesimama juani na kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani, nikamwambia pita dada Lucia, mama yuko ndani, pita tu, akakataa kwa kichwa, "Aseme mwenyewe," na akaita tena, mayu, hodi, hivyo hivyo wanavyomwita mama kwao, na akasubiri, jasho linamtoka, akasubiri mpaka sauti ya mama ikatoka dirishani, imejivuta, imejitengeneza, sauti ya mwenye nyumba, "Karibu mwanangu, karibu, pita," nikaona kichekesho, nikasema kimoyomoyo hawa nao na taratibu zao, na mama aliyeyapokea yale maziwa alikuwa mama mwingine, alikuwa anatabasamu, amefunga ushungi wake vizuri, alipata muda wa kuufunga... huyo ndiye atakayetazamwa na kamera ya nje. Anayepiga hodi anawekewa jicho, na wasiopiga wanawekewa mama kwenye kiganja.

Nina hoja. Loo, nina hoja, zinakuja zenyewe, zinajipanga mstari, ya kwanza, ndugu mwenyekiti, ulinzi wa nani dhidi ya nani, ya pili, jirani hahukumiwi kwa kwato, ya tatu, mali ya marehemu na desturi ya mpwa, hiyo peke yake dakika tatu, naweza kusimama hapa kwenye duka hili nikamchana kaka mbele ya Amedeus na mama ntilie wake mpaka akose pa kuweka mikono, nitashinda, ninajua nitashinda... halafu? Halafu Shakila ameshinda na mama bado hajasemewa na mtu ila na Shakila, jana nilimsemea kinu, leo nimsemee ukimya, nimechoka kushinda, hivi mama alisema nini tulipokuwa tunawasha pikipiki, alisema kitu, alikuwa mlangoni pa chumba chake, tunamwona kupitia mlango wa mbele ulio wazi, amesimama kwa ndani ili eda isivunjike, alisema, "Mkifika huko, tazameni na vitu vya mlango," na kaka akacheka kwa upendo, akamwambia mama, siku hizi mlango ni kamera, na akapiga kiki, na mama akainua mkono, na mkono ukabaki juu, nimeuona sasa, mkono wake wa kushoto ulikuwa kwenye fremu ya mlango wa chumba, pale pale, kwenye matundu manne ya skrubu, kidole chake kiko kwenye tundu kama mtu anayeziba filimbi. Alishasema. Alisema kwa Kiswahili chepesi, asubuhi, mchana kweupe, wasikilizaji wawili, mmoja dereva, mmoja bingwa wa midahalo.

"Haya bosi," kaka anarudi, anafuta jasho, anaweka simu mfukoni, "samahani, hawa watu bila mimi hata tairi hawalijui, tuko wapi?" na Amedeus hajachoka, mfanyabiashara hachoki, kamera iko pale pale kiganjani, "Tuko pale pale. Ya nje tumemaliza, kwa jirani. Ya ndani ndio nimeuliza, itazame wapi?" kaka ananigeukia, ana macho mekundu ya mtu asiyelala, ananipenda, anampenda mama, "Sema mheshimiwa, wewe ndiye uliyelala pale," na kwenye runinga yule msichana wa ushungi wa kahawia bado yuko kwenye kiti chake cha plastiki, hajasogea hata kidogo, anayemtazama angesema hakuna kilichotokea, na juu ya kichwa cha Amedeus, kwenye waya, katikati ya makufuli, kuna mstari wa vyuma vidogo vyenye vumbi, na mimi naikuna pua yangu, nakuna vizuri, nanyoosha mkono, na mkono unakwenda upande wake.

"Kaka Amedeus, naomba komeo moja la mlango wa chumbani, la kufungia kwa ndani."